Kazi ya Usiku na Ugonjwa wa Kansa

Ndugu msomaji, simama jioni kando ya ziwa hapa Minova, utazame mitumbwi ya sambaza ikitoka. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zimetengenezwa, na wanaume wanapiga kasia huku wakiimba. Giza likiingia, taa zao zinaonekana mbali juu ya maji kama kijiji kingine. Asubuhi akina mama wanawangojea pwani na mabeseni yao. Sisi tuliolala tunaamka, tunanunua, tunapika, tunakula. Lakini ni nani kati yetu anayeuliza huyu aliyekesha atalala saa ngapi?

Wala si wavuvi peke yao. Usiku huo huo yuko muuguzi anayezunguka katika vyumba vya wagonjwa na taa mkononi. Yuko mkunga, kwa maana watoto hawangoji mapambazuko. Yuko mlinzi mlangoni mwa duka, mwa hospitali, na mwa kanisa. Wako wachimba madini wa milima ya Numbi na Nyabibwe, ambao wakiwa ndani ya shimo usiku na mchana ni sawa kwao. Hao wengi hufanya kazi saa ambazo mwili wa mwanadamu unataka kulala. Leo nataka tuseme habari zao, na habari za ugonjwa wa kansa, ambao wengine huuita saratani.

Swali la mwanafunzi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi wa wauguzi katika hospitali moja. Siku moja msichana aliyekuwa akijifunza uuguzi alinijia, akasema, “Mama, nimesikia kwa redio kwamba wanawake wanaofanya kazi ya usiku wanapata kansa ya titi. Tafadhali, niondoe katika zamu ya usiku. Mimi bado sijazaa.”

Nilimjibu kwa haraka, “Mwanangu, ugonjwa haulali. Wewe ukikataa, nani atawaangalia wagonjwa?” Akanyamaza, akaenda zake.

Neno lake lilinifuata hata nyumbani. Kesho yake nilifungua daftari la zamu, nikahesabu. Nikakuta kwamba mama mmoja mjane amewekwa zamu ya usiku majuma saba mfululizo. Mwandiko ulikuwa wangu. Sikuwa na neno baya juu ya mama yule. Nilimweka kwa sababu hakunung'unika kamwe. Wengine walinung'unika, nikawaondoa. Hivyo ndivyo mzigo unavyomwelemea mtu mpole. Basi nikatambua kwamba msichana yule aliuliza swali la haki, nami nilimfunga kinywa tu.

Tangu siku ile nimesoma jambo hili kadiri nilivyoweza. Maoni yangu nayasema mapema. Kazi ya usiku si ya kukimbiwa, lakini gharama yake haipasi kulipwa na aliyekesha peke yake. Sisi tuliolala tuna deni.

Kazi yaweza kuleta ugonjwa

Jambo hili si geni. Mwaka wa 1700 mganga wa Italia, jina lake Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi. Aliwafundisha waganga wenzake kumwuliza kila mgonjwa pia anafanya kazi gani. Mwaka wa 1775 mganga wa London, Percivall Pott, aliandika habari za watu waliosafisha dohani za nyumba. Tangu utoto walitumwa kuingia ndani ya dohani, masizi yakawashika mwilini, na walipokuwa watu wazima wengine wao walipata kansa katika ngozi ya pumbu. Pott alitambua kwamba kansa ile ilitokana na masizi. Mwaka wa 1879 waganga wawili wa Ujerumani walionyesha kwamba wachimba madini wa Schneeberg walikuwa wakifa kwa kansa ya mapafu. Baadaye ilijulikana kwamba katika hewa ya mashimo yale kulikuwa na gesi iitwayo radoni, ambayo haionekani wala haina harufu.

Ndugu mchimbaji wa Numbi au Nyabibwe, habari hii yakuhusu. Ukipasua jiwe gumu, vumbi laini linaruka. Mara nyingi vumbi hilo lina kitu kiitwacho silika. Mwaka wa 1997 wataalamu walithibitisha kwamba vumbi la silika, mtu akilivuta kazini, laweza kuleta kansa ya mapafu. Hata pasipo kansa, huyafanya mapafu kuwa magumu, na humfungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu. Basi mwagia jiwe maji kabla ya kulipasua. Kitambaa puani chasaidia kidogo tu. Maji yasaidia zaidi. Tena usimpakate mtoto ukiwa umevaa nguo zenye vumbi la shimoni.

Lakini vumbi na masizi twaviona kwa macho. Je, kukesha kwenyewe kwaweza kuleta kansa?

Saa iliyo ndani ya mwili

Jogoo hahitaji saa ya mkononi ili awike. Mungu amemwekea saa ndani yake. Mwanadamu naye anayo. Mwaka wa 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel ya uganga kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyokwenda ndani ya chembe za mwili.

Giza likiingia, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini. Homoni hiyo huuambia mwili kwamba usiku umefika. Mwanga mkali ukiingia machoni usiku, homoni hupungua. Tena chembe za mwili zina majira yake ya kugawanyika, na majira ya kutengeneza palipoharibika. Mtu akikesha leo, akalala kesho, kisha akakesha tena, majira hayo huvurugika.

Na kansa ni nini? Ni chembe za mwili zilizoacha utaratibu, zikazidi kugawanyika bila kusikia amri. Kwa hiyo wataalamu waliuliza kama kuvurugika kwa saa ya mwili kwaweza kuifungulia kansa njia.

Wataalamu wameona nini?

Huko Marekani, tangu mwaka wa 1976, maelfu ya wauguzi wa kike wamekuwa wakijibu maswali juu ya maisha yao na afya yao. Mwaka wa 2001 ilitangazwa habari ya wauguzi zaidi ya 78,000 kati yao. Wale waliofanya zamu za usiku kwa miaka 30 au zaidi walionekana kupata kansa ya titi zaidi kuliko wenzao. Hesabu yake ni hivi: mahali ambapo kati ya wanawake wasiokesha wangepatikana wagonjwa 100, kati ya wanawake wa idadi ile ile waliokesha miaka 30 wangepatikana kama 136. Kwa waliokesha miaka michache, tofauti ilikuwa ndogo.

Mwaka wa 2007 shirika la uchunguzi wa kansa lililoko Lyon, Ufaransa, ambalo ni la Shirika la Afya Ulimwenguni, liliwaita wataalamu wapime neno hili. Wakasema kwamba kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili yaelekea kuleta kansa. Baada ya hapo nchi ya Denmark ilianza kuwalipa fidia wanawake kadhaa waliougua kansa ya titi baada ya kukesha kazini miaka mingi.

Lakini mwaka wa 2016 wachunguzi wa Uingereza walikusanya hesabu za wanawake milioni 1.4 kutoka katika chunguzi kumi. Hao hawakuona kansa ya titi ikizidi kwa wanawake waliofanya kazi usiku. Wengine wakawajibu kwamba wengi wa wanawake wale walikuwa wazee waliokwisha kuacha kazi. Basi mwezi wa Juni 2019 wataalamu 27 kutoka nchi 16 walikutana tena Lyon, wakapima habari zote, za upande huu na za upande ule. Hukumu yao ikabaki ile ile: yaelekea. Walitaja kansa ya titi, ya tezi ya kiume, na ya utumbo mkubwa.

Angalia neno hili “yaelekea”. Si “hakika,” wala si “uongo.” Shirika lile lina orodha ya vitu ambavyo ni hakika kwamba huleta kansa: tumbaku imo, pombe imo, masizi yamo, vumbi la silika limo, moshi wa dizeli umo. Kazi ya usiku haimo katika orodha hiyo. Imo katika ile inayoifuata. Tena orodha hizo zinapima uhakika wa ushahidi, hazipimi ukubwa wa hatari. Ukiona nyayo zilizo wazi matopeni, unajua kwa hakika kwamba mnyama amepita. Lakini uwazi wa nyayo si kipimo cha ukubwa wa mnyama.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni hofu. Muuguzi aliyekesha miaka mitano asikae akihesabu siku za kufa. Wanawake wengi mno wamefanya kazi ya usiku maisha yao yote wala hawakuugua kansa, na wengine waliolala kila usiku waliugua.

Kosa la pili ni kulaumu. Mama akiona uvimbe katika titi lake, mume wake asiseme, “Ni hiyo kazi yako ya usiku, nilikukataza.” Hakuna mganga awezaye kumtazama mgonjwa mmoja na kusema kwamba kansa yake imetoka katika usiku. Wala jirani asinong'one kwamba amelogwa. Maneno kama hayo humfanya mama auficha uvimbe chini ya kitenge, na anapofika kwetu umekwisha kuwa kidonda. Tena katika nchi yetu kansa za akina mama zilizo nyingi kuliko zote ni ya titi na ya mlango wa uzazi. Hii ya mlango wa uzazi huletwa na virusi vinavyoambukizwa kwa njia ya kulala pamoja, wala haihusiani na zamu. Nayo yaweza kugunduliwa mapema kwa kupimwa, kabla haijawa kansa kamili.

Kosa la tatu ni kudharau. Wengine wataniambia, “Mama, sisi tuna malaria, tuna kolera, tuna vita. Mwezi wa Januari 2025 watu walikimbia Minova na mizigo kichwani. Nani ana nafasi ya kuogopa ugonjwa unaokuja baada ya miaka 30?” Neno hilo lina uzito, wala silikatai. Lakini nami nauliza: wagonjwa wa kolera wakiletwa saa nane za usiku, nani anawapokea? Ni muuguzi yule yule anayekesha. Akiwa amechoka kupita kiasi, atakosea kipimo cha dawa usiku huu huu, si baada ya miaka 30. Dereva aliyekosa usingizi ataingia korongoni kesho. Hivyo pumziko tunalowatafutia ili kuwakinga na ugonjwa wa mbali linatukinga sisi leo.

Nani atawapumzisha?

Tazama tena wavuvi wetu. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lina mwanga, na sambaza hawaifuati taa vizuri. Wavuvi wengi hukaa pwani, hutengeneza nyavu zao, hulala nyumbani na jamaa zao. Mwezi umewapa siku za kupumzika. Lakini muuguzi na mlinzi hawana mwezi wa kuwarudisha nyumbani. Wao watapumzishwa na watu, au hawatapumzishwa.

Kwa hiyo nasema kwanza na wenzangu tunaoandika daftari la zamu. Mwaka wa 2020 wachunguzi wa Ulaya, baada ya kupima habari nyingi, walishauri hivi: mtu asifanye zaidi ya usiku tatu mfululizo, zamu isizidi saa 9, kati ya zamu na zamu ziwepo angalau saa 11, na mama mwenye mimba asikeshe zaidi ya usiku mmoja katika juma. Hata mwaka wa 1990 Shirika la Kazi la Kimataifa lilikwisha kupatana kwamba mfanyakazi wa usiku akiomba kupimwa afya apimwe bila malipo, na kwamba mama apatiwe kazi nyingine mbali na usiku kabla na baada ya kuzaa. Najua wauguzi wetu ni wachache, wala sisemi kwamba yote yatatimizwa kesho. Lakini daftari latusaidia kuona. Kama yuko mtu mmoja aliyekesha majuma saba na mwingine hakukesha hata siku moja, tusisingizie uchache wa watu. Hiyo ni kukosa haki.

Pili, nasema na wazee wa kanisa. Kanisa letu lina mlinzi. Je, yuko mtu wa kumpokea hata usiku mmoja katika juma? Au analinda usiku saba, kisha Jumamosi mchana tunamwita akate majani na kupanga viti kwa ajili ya arusi? Tunamtolea franka kidogo, tunadhani tumemaliza. Tena tukifanya mkesha wa maombi, tusimhesabie uvivu muuguzi asiyekuja, wala tusimcheke akisinzia. Huyo amekwisha kukesha mara tatu juma hilo kwa ajili ya watoto wetu.

Tatu, nasema na jamaa wa nyumbani. Baba, mke wako akirudi asubuhi kutoka zamu, usimpokee na ndoo na jembe. Mama mkwe, usiwaambie majirani kwamba mke wa mwanao analala mchana kama mtoto. Tundikeni kitenge kizito dirishani ili chumba kiwe na giza. Watoto wapelekwe kucheza upande mwingine. Mwacheni alale saa saba au nane bila kuamshwa kwa ajili ya chumvi. Ule usingizi ndio nusu ya pili ya kazi yake.

Neno kwa wewe unayekesha

Ndugu, dada, nawe una sehemu yako. Wengine huvuta sigara ili wasisinzie. Wengine, hasa walinzi na wavuvi, hunywa kasiksi au kanyanga ili wapate joto. Fikiri vema. Usiku yaelekea kukudhuru. Sigara na pombe ni hakika. Tumbaku huleta kansa ya mapafu, ya koo na ya viungo vingine vingi. Pombe huleta kansa ya ini, ya koo, na ya titi. Mtu anayeogopa usiku huku ana chupa mfukoni ameogopa mbwa akamkaribisha chui. Afadhali chai ya moto mwanzo wa zamu. Kula chakula cha kushiba kabla ya kwenda kazini, na usiku wa manane kula kidogo tu, kwa maana tumbo nalo lina saa yake. Ukitoka kazini, nenda moja kwa moja ukalale. Usipitie sokoni ukae huko hata saa sita za mchana.

Tena jua dalili, ufike mapema: uvimbe katika titi hata kama hauumi, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, damu katika choo kikubwa, kikohozi kisichokwisha, damu inayotoka kwa mama baada ya kulala na mume wake, au baada ya hedhi kukoma kabisa. Si kila dalili ya namna hiyo ni kansa. Nyingi si kansa. Lakini uvimbe ulioletwa ukiwa kama punje ya haragi una matumaini kuliko ulioletwa ukiwa kama yai.

Na ukija, tuambie kazi yako. Usingoje tukuulize. Sema, “Mimi ni mlinzi miaka kumi na miwili.” Sema, “Mimi nilichimba Nyabibwe.” Mwambie muuguzi aliandike neno hilo katika fishi yako. Tukijua kazi yako tutajua pa kutazama.

Mwisho wa habari

Utauliza mambo yaliishaje. Yule msichana nilimwita, nikamweleza haya yote, ya hakika na yasiyo ya hakika. Alinisikiliza, kisha akasema, “Mama, kumbe nilitaka tu nijibiwe.” Aliendelea na masomo, leo ni muuguzi. Daftari tulilibadilisha: usiku tatu, kisha kupumzika, na jina langu nikaliandika pamoja na mengine.

Yule mama mjane nilimwendea nyumbani kwake, nikamwomba msamaha kwa ajili ya majuma saba. Alinikaribisha kiti, akanyamaza kidogo, ndipo akasema, “Mama, nilidhani hamjui kuhesabu.”

Basi, ndugu msomaji, mhesabu aliye karibu nawe. Yuko mtu anayekesha ili wewe ulale: mlangoni pako, hospitalini, au ziwani. Mwulize analala saa ngapi, na ukiona saa hazitoshi, tafuta lililo mkononi mwako kulitengeneza. Mungu awalinde wote wanaokesha usiku huu.